Majina Yaliyo Juu ya Ubao

Ndugu Mhariri aliponitaka niandike historia fupi ya shule yetu kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, nilimkubalia upesi, kwani nilidhani kazi yenyewe ni kunakili miaka na kupanga mambo kwa utaratibu. Baadaye nikaona sivyo. Wengi wenu mtakumbuka kwamba katika kikao cha Kamati ya Maandalizi lilitolewa pendekezo kuwa ule ubao mkubwa wa mninga uliotundikwa ukumbini, wenye majina ya wanafunzi walioongoza mitihani kila mwaka, ushushwe. Na badala yake uwekwe ubao mpya utakaoanzia mwaka 1970, Serikali ilipoichukua shule na kuipa jina ililo nalo leo. Mjumbe mmoja, ambaye ni rafiki yangu na ninamheshimu, alisema kuwa majina ya juu ni ya wageni na hayatuhusu. Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Mimi ndimi niliyekuwa katibu wa kikao. Nililiandika pendekezo lile neno kwa neno, nikalipigia mstari kwa rula, wala sikusema kitu.

Haya ndiyo maneno niliyopaswa kuyasema siku ile. Nawaomba radhi wale wanaotarajia habari za michezo na nyimbo za bwenini. Hizo wapo wazee wanaozijua kuliko mimi.

Vijana mlioko shuleni sasa, mkitoka kwenye paredi mkapita upande wa maktaba, chini ya dirisha la pili mtaona jiwe lililopakwa rangi ya chokaa. Paka kidole mate mkasugue kidogo. Mtaona maandishi ya namna mbili, Kiingereza na Kigujarati. Jiwe lile linasema kwamba jengo hili lilijengwa kwa michango ya wafanyabiashara wa mji huu kwa ajili ya watoto wao. Halisemi kwamba mtoto wa Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Halikuwa na haja ya kusema, maana wakati ule jambo hilo lilijulikana kama mvua na jua vinavyojulikana.

Chini ya Muingereza, Tanganyika haikuwa na elimu moja bali elimu tatu. Ya Wazungu ilikuwa na shule zake, walimu wake na mfuko wake. Ya Wahindi hali kadhalika, na ndani yake Waismailia, Wahindu, Mabohora, Ithnaasheri na Wagoa kila mmoja akijitahidi kujenga shule ya jamii yake. Ya tatu ilikuwa ya Waafrika, nayo ilitegemea sana misheni. Wasio wenyeji walitozwa kodi yao ya elimu, na fedha zile zilikwenda kwa watoto wao. Kwa karatasi hesabu ilionekana ya haki: kila mtu asomeshe wa kwake. Lakini ni nani mwenye duka na ni nani mwenye jembe? Hapo ndipo haki yenyewe ilipokuwa imelala chali.

Mtoto wa Kiafrika alianza darasa la kwanza hadi la nne, akafanya mtihani. Wengi waliishia hapo. Waliobahatika waliingia shule ya kati, darasa la tano hadi la nane, wakalima mashamba ya shule kuliko walivyoshika kalamu. Halafu mtihani tena. Wachache mno ndio waliofika darasa la tisa, na hata hao walichujwa tena darasa la kumi kabla ya kuufikia mtihani wa Cambridge wa darasa la kumi na mbili. Matokeo yake yameandikwa katika Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa Mwalimu Nyerere Machi 1967: mwaka tuliojitawala, 1961, wanafunzi wa sekondari nchi nzima walikuwa 11,832, na katika hao waliokuwa kidato cha sita ni 176 tu. Kwa hesabu ya watu wa mwaka 1957, Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8.6, na Wazungu kiasi cha 20,000.

Wakubwa wa wakati ule walikuwa na jina zuri la mpango huo: ushirikiano wa mataifa. Mwaka 1955 Gavana Twining alipopanga upya Baraza la Kutunga Sheria, aliwapa Waafrika viti 10, Waasia viti 10 na Wazungu viti 10, akaita huo usawa. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. TANU ilikutana Tabora Januari 1958 na, baada ya mabishano makali, ikaamua kuingia katika uchaguzi huo ingawa sharti lilikuwa chungu. Watoto waliokuwa shuleni siku zile walikua wakiiona hesabu ya kumi, kumi na kumi kuwa ndiyo hesabu ya dunia.

Nitasema kidogo tu juu ya shule za Wazungu, kwa kuwa si mada yangu, lakini zina mzaha wake. Watoto wao walisomea Kongwa, katika majengo yaliyobaki baada ya ule mpango mkubwa wa karanga kufilisika. Kisha wakajengewa shule ya fahari Iringa, St Michael's and St George's, iliyofunguliwa mwaka 1959, miaka miwili tu kabla ya Uhuru. Nadhani hapajapata kujengwa kitu cha gharama kwa watu wanaofunga mizigo. Shule ile ndiyo iliyokuja kuitwa Mkwawa. Nako Kongwa, kuanzia mwaka 1964, walikaa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Vivyo hivyo shule za Wahindi za Dar es Salaam zikapata majina mapya. Azania ni mojawapo, na Tambaza, iliyokuwa ya Aga Khan, ni nyingine. Kwa jirani zetu wa Kenya, Prince of Wales ikawa Nairobi School na Duke of York ikawa Lenana. Kubadili jina la shule ni kazi ya fundi rangi wa siku moja.

Kuwakalisha watoto pamoja ni kazi nyingine.

Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili mswada wa uraia. Wapo wabunge waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Mwalimu alisimama akawaambia waziwazi kwamba Serikali yake haiwezi kujenga uraia juu ya rangi ya ngozi, na kwamba kama Bunge halikubali, basi Serikali itajiuzulu. Mswada ukapita. Mwezi ule ule Chuo Kikuu kilifunguliwa katika jengo la TANU, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Waziri wa Elimu alikuwa Oscar Kambona, mtu aliyekuwa mwalimu mwenyewe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1961 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1962, na kwa sheria hiyo zile elimu tatu zikawa moja: mtaala mmoja, mfuko mmoja, na mlango usioangalia rangi.

Mlango ulifunguliwa, lakini kizingiti kilibaki. Katika shule za msingi zilizokuwa za Wazungu na za Wahindi, mtoto aliweza kukataliwa kwa kuwa Kiingereza chake hakitoshi, na ada zake zilikuwa juu kuliko za shule nyingine. Kwa hiyo sheria haikumtaja Mwafrika, lakini Mwafrika ndiye aliyebaki nje. Natoa angalizo hili kwa sababu mimi ni mtumishi wa Serikali, nimetunga na kusambaza nyaraka nyingi, na najua jinsi haki inavyoweza kuandikwa vizuri kwenye karatasi na kufia mlangoni kwa karani.

Kilichobadili mambo katika sekondari ni kufutwa kwa ada mwaka 1964. Ndipo baba yangu mzazi alipoingia shule hii.

Baba alizaliwa mwaka 1948. Alipokuwa shule ya kati alipita mbele ya lango letu kila siku, maili mbili kwenda na mbili kurudi. Kazi yao watoto wa Kiswahili ilikuwa kuokota mipira ya kriketi iliyoruka ua na kuirudisha kwa senti kumi. Ndani ya ua hakupata kuingia hata mara moja. Januari 1964 aliletewa barua kuwa amechaguliwa kidato cha kwanza pale pale alipokuwa akiokotea mipira.

Vijana hamna budi kuuelewa mwezi ule wa Januari. Tarehe 7 Mwalimu alitoa waraka kwamba tangu siku ile kazi za Serikali zitatolewa kwa raia wote bila kujali rangi, na kwamba kumpendelea Mwafrika kwa kuwa Mwafrika kumekwisha. Tarehe 12 yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar. Tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam, na katika fujo zile maduka ya Wahindi na Waarabu yaliporwa, na watu wakafa. Maasi yalifika hadi Tabora na Nachingwea. Katika siku kama hizo, watoto tisa wa Kiafrika waliingia katika darasa lenye wanafunzi 34, waliobaki wote Wahindi. Baba alisema kuwa siku ya kwanza hakuna aliyetukana. Waliogopana tu. Waafrika walikwenda kukaa nyuma bila kuambiwa, na Wahindi waliwaacha wakae nyuma bila kuwaambia.

Mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa mzee aliyetoka Bombay, ambaye wote walimwita Masta. Huyu Masta hakutoa hotuba. Siku ya pili aliingia na daftari la mahudhurio, akawaamuru wote wasimame nje, kisha akawaita mmoja mmoja kwa mpangilio wa alfabeti na kuwakalisha kwa mpangilio huo huo. Baba, ambaye jina lake linaanza kwa M, akajikuta amekaa dawati moja na kijana ambaye jina lake pia linaanza kwa M. Wakakaa hivyo miaka minne.

Jambo la pili lilikuwa la chakula. Saa nne Wahindi walifungua vyombo vyao vya chakula cha nyumbani. Waafrika, ambao wengi walikuwa wametoka kwao bila hata chai, walikwenda kunywa maji ya bomba na kusimama nyuma ya choo mpaka kengele ilie. Masta na mwenzake mmoja wakapita kwa wenye maduka wakaomba unga na sukari. Uji ukaanza kupikwa kwa wote, na amri ikatoka kuwa kila mmoja atakunywa, mwenye chakula na asiye nacho, kwenye benchi la darasa lake. Baba alinieleza kuwa wapo wazazi wa Kihindi waliokuja kulalamika. Wapo na wazazi wa Kiafrika waliosema watoto wao wanalishwa kama maskini. Uji uliendelea.

La tatu ni Kiingereza. Wale tisa walikuwa wamesoma kwa Kiswahili miaka ya mwanzo, na wenzao Kiingereza walikuwa wamekizoea toka shule ya msingi. Katika mtihani wa robo mwaka, nafasi za mwisho tisa zilikuwa za Waafrika, zote. Baba alisema aliusoma ule ubao wa matokeo mara mbili, akijitafuta juu. Kuna mwalimu aliyesema mbele ya darasa kuwa matokeo hayo hayamshangazi. Masta alifungua maktaba jioni, Jumatatu na Alhamisi, akawafundisha bila malipo, na aliyetaka kuja alikuja. Yule mwenzake baba wa dawati naye akawa anakuja, ingawa hakuhitaji, kwa kuwa nyumbani kwao kulikuwa na kelele za cherehani. Huyo ndiye aliyempa baba mkebe wake wa hesabu, alipopata mpya. Mkebe ule ninao. Umeandikwa M mbili kwa msumari.

Sisemi kwamba palikuwa peponi. Baba hakualikwa nyumbani kwa kijana yule hata mara moja katika miaka minne. Walikutana barazani, nje ya duka, na mama wa kijana alimletea maji katika bilauri ya bati iliyowekwa mbali na nyingine. Baba aliyasimulia haya bila uchungu, lakini ile bilauri hakuisahau. Wahindi wa mji huu walikuwa wameishi ndani ya ua waliojengewa na mkoloni, na ua huo ulikuwa umewafaa pia. Ubaguzi haukuwa wa Mzungu peke yake. Asiyesema hivyo anaandika historia ya kufurahisha wageni waalikwa.

Nilipokuwa Mlimani nilisoma habari za Little Rock, katika Arkansas, Marekani, ambako Septemba 1957 wanafunzi tisa Weusi walisindikizwa na wanajeshi ili waingie shule ya Wazungu, miaka mitatu baada ya Mahakama Kuu ya nchi ile kuamua kuwa kutenga watoto shuleni kwa rangi ni kuvunja katiba. Nilishangazwa na ile idadi, tisa kama wa kwetu. Kwetu hapakuhitajika jeshi. Lakini mtoto akishavuka lango mwanajeshi hamsaidii tena. Anayemsaidia ni yule mwenye daftari la mahudhurio.

Jina la mwenzake baba wa dawati limo ubaoni, mwaka 1967. Aliongoza shule nzima katika Cambridge. Alirudi kufundisha hisabati hapa hapa kwa muda, kisha mwaka 1971 ilipotoka sheria ya kutaifisha majumba, familia yake, ambayo ilikuwa na nyumba moja ya ghorofa na kuishi juu ya duka, ikapoteza ile nyumba. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda kwa siku 90. Mwalimu alilaani kitendo kile waziwazi, lakini hofu haina mpaka. Wakaondoka kwenda Uingereza. Waliandikiana na baba mpaka baba alipofariki mwaka 2009. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sijamwomba ruhusa. Wenye macho watalisoma ubaoni, kama ubao utakuwapo.

Sasa nifike kwangu, ambako sina pa kukimbilia.

Niliingia shule hii mwaka 1994. Shule ilikuwa imebadilika kabisa. Tangu miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza zilikuwa zikigawanywa kimkoa, na vijana wakipelekwa shule za mbali na kwao, na mpango huo ulitufaa sana: bwenini kwetu mlilala Mnyakyusa, Mhaya, Mmakonde na Mgogo, na tulitaniana kwa makabila mpaka usiku bila mtu kushika kisu. Tulijivuna kwamba sisi hatujui ubaguzi. Tuliimba kuhusu Afrika Kusini, ambayo mwaka ule ule ilipata uhuru wake, na tulimpigia makofi Mandela kwenye redio ya bwana wa bweni.

Darasani kwetu, katika wanafunzi 47, alikuwamo Mhindi mmoja. Baba yake alikuwa fundi saa, ana meza moja chini ya baraza la duka la mtu mwingine. Sisi hatukutaka kujua hayo. Mhindi kwetu alikuwa tajiri. Mwaka 1993 majukwaani lilienezwa neno la kuwakashifu Wahindi, gabacholi, na neno hilo lilikuwa limeshafika mabwenini kabla ya vitabu vya mwaka huo. Tulimwita hivyo mchana kutwa. Mihogo ya saa nne alilipa yeye. Mpira ulipopotea alilipa yeye. Alilipa kwa kuuza, nilikuja kujua baadaye, kamusi yake.

Mimi nilikuwa monita. Kazi ya monita, kama mjuavyo, ni kuandika majina ya wapiga kelele mwalimu anapotoka. Siku moja darasa lilikuwa kama soko. Mwalimu wa zamu alikuwa anakuja, karatasi yangu ilikuwa tupu, na wapiga kelele wenyewe walikuwa wakubwa wa bweni langu ambao wangenikomesha usiku. Niliandika jina moja. La yule aliyekuwa amenyamaza akisoma. Alichapwa viboko vitano. Hakunitazama, wala hakusema si yeye. Baada ya hapo niliandika jina lake mara nyingi, kwa kuwa ilikuwa rahisi.

Mwalimu wetu wa Historia, mzee aliyekaribia kustaafu, nadhani aliona. Siku moja tulikuwa tukisoma habari za wakoloni, na mmoja wetu akasema kwa sauti kuwa wageni wote warudi kwao. Darasa likacheka, likageukia dawati la mbele. Mwalimu aliuliza: "Nani kati yenu ana babu aliyezaliwa mji huu?" Tulitazamana. Mimi babu yangu alikuja na reli. Wengine walikuwa wametoka Kagera, Mbeya, Lindi. Mkono mmoja uliinuka, taratibu, dawati la mbele. Mwalimu akasema, "Haya, tuendelee ukurasa wa hamsini na tatu." Hakusema zaidi.

Ningependa kuwaambia kuwa tulibadilika. Tulinyamaza wiki moja. Mwisho wa kidato cha pili yule mwenzetu hakurudi. Hakuna aliyeuliza, hata mimi niliyekuwa nikishika daftari la mahudhurio. Nilipiga mstari mwekundu juu ya jina lake nikaendelea na linalofuata. Baba aliniuliza likizo ile kama bado tuna Wahindi shuleni. Nilimjibu kuwa walikwisha kuondoka wenyewe.

Mwaka 2011 nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi moja ya Serikali ambayo sitaitaja, yenye foleni ndefu. Nilipita mbele ya dirisha nikasikia karani akimwambia mtu alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Waliomtangulia walikuwa wameombwa cha kwao tu. Niligeuka. Mtu mwenyewe alikuwa na mvi kabla ya wakati wake, na bahasha ya kaki mkononi. Alinitambua kwanza yeye.

"Monita," alisema, akitabasamu. "Umeniandika tena?"

Nilimchukua ofisini, shida yake ikaisha kwa dakika ishirini, kwa kuwa haikuwa shida. Nilimwomba msamaha. Alinijibu kuwa mambo ya utoto, akaniuliza habari za Mwalimu wa Historia. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: kwamba kilichomwondoa shule si viboko wala mihogo. Ni kwamba siku ile alipoinua mkono, alitegemea baada ya kipindi mtu mmoja angekuja kukaa naye. Alingoja mpaka kengele ya jioni.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inakataza mtu kunyimwa elimu kwa sababu ya rangi au dini yake, na ilikuwa ikitumika siku zote hizo nilizokuwa nikiandika majina. Hakuna kifungu chake nilichokivunja. Mkaguzi angekuja angekuta shule safi.

Vijana wa leo mtasema kuwa Wahindi shuleni kwenu hawapo kabisa, kwa hiyo hadithi hii ni ya wazee. Ni kweli, wenye uwezo wa rangi zote wameshapeleka watoto wao shule za kulipia, na kizingiti kile cha Kiingereza na ada, kilichomzuia Mwafrika mwaka 1962, sasa kinamzuia mtoto wa mkulima mbele ya milango ambayo wenye nayo ni Waafrika wenzake. Kwa shule za Serikali, ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita mwaka 2022, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mwalimu mmoja wa shule yetu ameniambia kuwa kidato cha pili wako wanafunzi wawili ambao wazazi wao ni katika wale Warundi zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa nchi hii mwaka 2014. Wamezaliwa hapa. Wanaimba wimbo wa Taifa kama ninyi. Nimeuliza wanaitwaje na wenzao bwenini, nikaambiwa, "Wakimbizi." Nimeuliza tena wanakaa wapi darasani. Nyuma.

Kwa Ndugu Mkuu wa Shule nina ombi moja dogo, lisilohitaji fungu la fedha: daftari la mahudhurio lina mpangilio wa alfabeti tayari.

Kuhusu ubao, suala litaamuliwa Jumamosi ya mkutano, saa tano, baada ya chai. Mimi kama katibu sina kura ila kama mwanachama, nayo nitaitumia. Wiki iliyopita nilipanda ngazi nikanakili majina yote, tangu mwaka 1949. Yale ya juu yamefifia. Mawili sikuweza kuyasoma, na kama yupo mzee anayewakumbuka walioongoza mwaka 1952 na 1953, aje anione. Nimemwita fundi rangi auangalie. Anasema mbao ni nzima, mchwa hawakuigusa, na herufi zile anaweza kuzipitia upya zote, za Patel na za Mwakyusa, kwa rangi ile ile moja. Anataka siku tatu na kopo mbili ndogo.

Kopo nimekwisha kununua.